Kompyuta ya Ofisi Ikikawia: Tutafute Kiini Kabla ya Kutoa Pesa

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitengela)

Wengine mmetoka Kajiado mjini, wengine Isinya, na wengine mmetembea tangu alfajiri ili mpate matatu kwenye barabara ya Namanga. Kwa hiyo hatutawapotezea wakati.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kompyuta za ofisi zinazokawia. Labda mtu atauliza, "Kikundi chetu kina daftari tu, hayo yanatuhusu nini?" Yanawahusu. Vikundi vingi huanza na daftari na sanduku lenye kufuli tatu. Halafu wanachama wanaongezeka, vikundi vinaungana, na siku moja mnajikuta mna ofisi, makarani, na kompyuta zilizounganishwa kwa waya. Siku hiyo pesa za mama aliyeuza maziwa au shanga zinakuwa ndani ya mashine ambayo ninyi wanakamati hamwezi kuifungua mkaona. Mashine ikikawia, hamjui kwa nini. Mtu akija akasema "nunueni nyingine", mnanunua.

Sisi tulikaribia kununua. Basi tuwaeleze yaliyotupata, ili ninyi msipitie njia hiyo.

YALIYOTUPATA

Muungano wetu una ofisi hapa Kitengela, na meza moja ndogo kule Kajiado kwa ajili ya wanachama wa upande ule. Ofisi ya Kitengela ina kompyuta nne. Moja iko chumba cha ndani. Hiyo tunaiita kompyuta kuu, kwa sababu faili lenye akaunti za wanachama wote linakaa humo. Tatu ziko madirishani kwa makarani. Programu yenyewe tulitengenezewa na kijana mmoja kwa Microsoft Access, na kwa muda mrefu ilitufaa sana.

Januari 2023, wakati wa karo, mambo yakaharibika. Foleni ilitoka mpaka nje juani. Karani anaandika namba ya kitambulisho, halafu tunangoja. Tunangoja tu. Mama mmoja mzee alikaa tangu asubuhi mpaka magari ya kwao yakaisha. Alilala kwa jamaa bila kupata pesa zake. Watu wakaanza kunong'onezana: "Pesa zimeliwa. Ndiyo maana mashine haitaki kuonyesha."

Jamani, neno kama hilo likishaingia katika chama, ni vigumu kulitoa.

Kamati tulikaa tukatoa hukumu mbili. Ya kwanza, karani wa dirisha la tatu ni mvivu, kwa sababu foleni yake haisongi kabisa. Tukamwandikia barua ya onyo. Ya pili, tumwite mtu wa kuuza kompyuta. Akaja, akatazama kama dakika kumi, akasema kompyuta kuu imezeeka, tununue mpya. Tukakubali kutoa pesa ambazo zilikuwa zimetengwa kwa tangi la maji la kikundi kimojawapo.

Siku mbili kabla ya kulipa, likatokea baya zaidi. Foleni ilikuwa ndefu, na mmoja wetu akakasirika. Akaingia chumba cha ndani akachomoa waya wa stima wa kompyuta kuu. Alidhani ikiwaka upya itakuwa nyepesi. Kumbe wakati ule faili lilikuwa linaandikwa. Lilipofunguliwa tena, likakataa.

Tulikuwa na nakala ya jioni iliyotangulia, na tulikuwa na risiti za karatasi za asubuhi ile. Tulikesha tukiziingiza moja moja, mmoja anasoma, mwingine anaandika, wa tatu anahakikisha. Hakuna shilingi iliyopotea. Lakini bila zile karatasi leo hatungekuwa na uso wa kusimama mbele yenu. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

TULIANZA KUTEMBEA NA BOMBA

Baada ya usiku ule tukasema, tusimame kwanza. Mwanachama mmoja ana jamaa yake anayefundisha mambo ya kompyuta. Tulimwita. Hakugusa mashine. Alituuliza swali moja tu: "Maji yakitoka kidogo mferejini, mnanunua pampu mpya?"

Tukacheka. Hapana! Mtu anayejua miradi ya maji hutembea na bomba. Anaanza mferejini, anarudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka kwenye tangi, na kila mahali anauliza: hapa maji yanafika vizuri? Labda bomba limekanyagwa na ng'ombe. Labda kuna mifereji mingi imefunguliwa pamoja. Ukinunua pampu kubwa huku bomba limebanwa, utakuwa na pampu kubwa na maji yale yale kidogo.

Ofisi ni hivyo hivyo. Kuna karani, kuna kompyuta yake, kuna waya, kuna kile kisanduku cha kugawa njia kiitwacho swichi, halafu kuna kompyuta kuu, na ndani yake faili. Ukawio unaweza kuwa mahali popote hapo. Kusema "mashine inakawia" bado si kusema kitu.

Basi alituandikia maswali manne:
1. Ni nani anakawia, wote au mmoja?
2. Ni kazi gani inakawia, zote au moja?
3. Ni saa gani, mchana kutwa au wakati wa foleni tu?
4. Ilianza lini, na siku hizo ni nini kilichobadilika?

Tukanunua daftari la kawaida la shule, tukapiga mistari: tarehe na saa, kompyuta, kazi, sekunde. Kila karani alipima kwa saa ya simu yake, wiki nzima. Gharama ilikuwa bei ya daftari.

Mwisho wa wiki daftari lilisema mambo matatu. Dirisha la tatu lilikawia kwa kila kazi, hata asubuhi kabla watu hawajafika. Kutafuta mwanachama kwa namba ya kitambulisho kulikawia madirisha yote, lakini kumtafuta kwa namba ya uanachama kulikuwa haraka. Na Kajiado ilikawia kuliko wote, saa zote. Tena tulipokaa kwenye kompyuta kuu yenyewe na kutafuta kwa kitambulisho, jibu lilikuja upesi.

Mnaona? Tulikuwa na magonjwa matatu, na kompyuta kuu haikuwa mgonjwa. Ile mpya isingeponya hata moja.

UGONJWA WA KWANZA: WAYA

Tulibadilisha makarani viti. Wa dirisha la pili akaenda la tatu, wa tatu akaja la pili. Ukawio haukumfuata mtu. Ulibaki palepale dirisha la tatu. Halafu tukabadilisha waya tu, tukaweka wa kuazima. Kazi ikaenda.

Tulipoufuata ule waya wa zamani, tuliukuta umelaliwa na mguu wa kabati la chuma. Kabati lilisogezwa wakati wa kupaka rangi na hakuna aliyeangalia chini. Ndani ya waya wa namna hiyo mna nyaya ndogo nane, jozi nne. Mwendo wa kasi wa megabiti 1000 kwa sekunde unahitaji jozi zote nne. Jozi ikikatika, vifaa huweza kushuka mpaka megabiti 100. Na kama nyaya zinagusana na kuachana, ujumbe unapotea njiani na kutumwa tena na tena. Taa ya swichi inawaka kama kawaida, kwa hiyo ukiangalia haraka unaona kila kitu ni kizuri.

Waya mpya ulikuwa bei ndogo. Kilichotugharimu ni ile barua. Tulikuwa tumemwonya mtu kwa kosa la waya. Tuliifuta barua, na tukasoma kufutwa kwake mbele ya mkutano wa wanachama, kwa sababu onyo lilikuwa limeshajulikana na watu. Alitusamehe. Lakini alisema jambo ambalo tunawaachia: "Nilisema mara tatu kwamba ni mashine hii, hamkunisikia." Karani ndiye anayekaa mferejini. Msikilizeni kwanza.

UGONJWA WA PILI: KUTAFUTA BILA FAHARASA

Huu ulikuwa wetu sisi kamati. Tulipofika kwa swali la nne, ni nini kilichobadilika, tulikumbuka kwamba Desemba tulitoa agizo: kwa kuwa wanachama wengi wanasahau namba zao za uanachama, makarani watafute kwa kitambulisho cha taifa. Agizo zuri. Lakini hakuna aliyemwambia mtengenezaji wa programu.

Sasa sikieni jinsi inavyofanya kazi. Watu hudhani karani akiuliza jina, kompyuta kuu inatafuta na kumletea jibu. Kwa programu ya namna yetu, ya faili la kushirikiana, sivyo. Kompyuta kuu ni kama ghala tu. Kutafuta kunafanywa na kompyuta ya karani, na ili itafute ni lazima iletewe kurasa za faili kwa waya. Ni kama karani anayekaa Kitengela kuagiza madaftari yote ya ghalani yabebwe mpaka mezani, ayafungue mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, ili apate jina moja. Halafu yarudishwe. Halafu mtu wa pili kwenye foleni, yaletwe tena.

Tufanye hesabu. Tuseme orodha ya wanachama na miamala yao ni megabaiti 60. Waya wa megabiti 100 hupitisha kama megabaiti 12 kwa sekunde, kwa sababu megabaiti moja ni megabiti 8. Hivyo ni sekunde 5 kwa jina moja, ikiwa njia ni tupu. Makarani watatu wakiuliza pamoja, ni sekunde 15 kila mmoja. Na programu yetu ilikuwa ikisoma orodha hiyo mara kadhaa kwa kila mtu mmoja. Hapo ndipo foleni inapotoka nje.

Dawa yake ni faharasa. Mnajua lile daftari lenye herufi pembeni, unashika "M" na moja kwa moja uko kwa akina Mama Maria? Faharasa ni hilo. Inaiambia programu jina liko ukurasa gani, kwa hiyo zinaletwa kurasa chache tu badala ya daftari zima. Namba ya uanachama ilikuwa na faharasa tangu mwanzo. Kitambulisho hakikuwa nayo. Kijana wetu aliiweka baada ya saa za kazi, na kesho yake kutafuta kukawa upesi tena.

Lakini msiseme basi tuweke faharasa kila mahali. Kila mchango ukiandikwa, faharasa zote zinazohusika zinaandikwa upya. Zikiwa nyingi mno, kutafuta kunapona na kuandika kunaugua. Wekeni kwa yale mnayoyatafuta kila siku.

UGONJWA WA TATU: KAJIADO NI MBALI

Meza ya Kajiado ilikuwa ikifungua faili lile lile kwa njia ya intaneti. Toka hapa mpaka Kajiado ni kilomita 40 na zaidi. Tulidhani tukilipia intaneti ya kasi zaidi itapona. Tulilipa miezi miwili. Haikupona.

Sababu ni kwamba kuna mambo mawili, upana wa bomba na urefu wa safari. Kompyuta ya karani haiombi kurasa zote kwa mara moja. Inaomba, inangoja, inapata, inaomba tena. Ndani ya ofisi, kwenda na kurudi huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Maombi 2,000 ni sekunde 2. Kwa intaneti, tuseme kwenda na kurudi ni sehemu 50 za elfu. Maombi yale yale 2,000 ni sekunde 100, yaani dakika moja na sekunde 40. Ni kama punda mmoja anayeteka maji debe moja moja. Kupanua njia hakumfanyi punda afike haraka.

Tena kuna hatari. Faili la namna hii likifunguliwa kwa njia inayokatika-katika, iwe intaneti au hata waifai ya ofisini, njia ikikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Kwa hiyo hilo tulikomesha siku ile ile.

Dawa ya kwanza ilikuwa hii: karani wa Kajiado aliongoza kwa mbali kompyuta moja iliyoko Kitengela. Kinachosafiri ni picha ya skrini na herufi anazoandika. Faili lenyewe halitoki ofisini. Njia hiyo ifungwe vizuri kwa nenosiri na fundi anayeaminika, isiachwe wazi kwa kila mtu. Dawa ya kudumu tuliifanya mwaka 2024. Tulihamisha akaunti kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo programu yake hailipiwi. Hapo kompyuta kuu si ghala tena. Ni mtunza ghala. Karani anauliza jina, mtunza ghala anatafuta mwenyewe, na waya unabeba jibu tu. Hata hivyo kazi ya kuhamisha ililipiwa, na skrini za makarani zilibidi kurekebishwa, maana ukiacha programu iendelee kuagiza orodha nzima, hata mtunza ghala mzuri atakubebea orodha nzima.

SABABU NYINGINE ZA KUANGALIA

Sisi tulipata tatu. Ninyi mnaweza kupata hizi:

1. Programu ya kuzuia virusi inakagua faili la akaunti kila linapoguswa. Msiizime. Fundi aielekeze iruke faili hilo moja, na ikague mengine.
2. Makarani wote wanafungua nakala moja ya programu iliyoko kompyuta kuu. Kila karani awe na programu kwenye kompyuta yake. Akaunti tu ndizo zikae kompyuta kuu.
3. Mtu anachapisha ripoti ya mwaka mzima saa nne asubuhi wakati wa foleni. Aifanye jioni.
4. Faili limevimba. Mkifuta maandishi katika Access, nafasi zake hubaki wazi ndani ya faili mpaka libanwe. Na faili la Access halipiti gigabaiti 2. Libaneni wote wakiwa wametoka, na nakala ikiwa imeshachukuliwa.
5. Diski ya kompyuta kuu imejaa, au inaanza kufa. Hapo ndipo kununua kuna maana.

KANUNI TUNAZOFUATA SASA

Kwanza, nakala kabla ya kugusa chochote. Na nakala ijaribiwe kufunguliwa, maana nakala isiyofunguka si nakala.

Pili, badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja, halafu pimeni. Mkibadilisha waya, programu na swichi siku moja, ikipona hamtajua kilichoponya. Ikizidi, hamtajua kilichoharibu.

Tatu, kompyuta kuu haichomolewi. Tumeiwekea betri ya kuishikilia stima inapopotea, ili tuifunge kwa utaratibu. Mnakumbuka Ijumaa usiku tarehe 25 Agosti 2023, stima ilivyopotea karibu nchi nzima? Ofisi ilikuwa imefungwa. Ingekuwa mchana wa foleni, ile betri ndiyo ingetuokoa.

Nne, siri za wanachama. Fundi akitaka kubeba faili akalitazame kwake, kumbukeni mna majina, vitambulisho na namba za simu za watu humo. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu. Fundi afanye kazi ofisini mbele ya mmoja wenu, au apewe nakala yenye majina ya kubuni.

Tano, karatasi. Hapa turudi kwa yule mama mzee. Alirudi baada ya siku mbili akalipwa. Hakuuliza habari za waya wala faili. Alimwambia karani, "Mwanangu, kitabu kilikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Wakati wa daftari hakuna mtu aliyelala njiani kwa sababu kitabu kimekawia. Tulikuwa tumeleta mashine isaidie kitabu, kisha tukakisahau kitabu. Sasa kila jioni makarani wanachapisha orodha ya akaunti na salio zake, inafungiwa kabatini, na mashine ikikwama saa za kazi tunalipa kwa orodha ile, kwa kiasi kidogo kilichokubaliwa na kamati, na mwanachama anatia sahihi. Baadaye tunaingiza. Tangu hapo hakuna mama aliyerudishwa mikono mitupu kwa sababu ya kompyuta.

Pesa za tangi zilirudi kwa tangi. Kompyuta kuu ile ya zamani bado iko, inafanya kazi. Siku moja itazeeka kweli, na siku hiyo tutanunua, tukiwa na daftari mkononi linaloonyesha kwa nini.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mashine yetu au daftari letu likikwama leo, mwanachama atalipwaje?
2. Nakala ya akaunti zetu iko wapi? Ni nani aliyeifungua mara ya mwisho kuona kama ni nzima?
3. Tumewahi kumlaumu mtu kabla ya kupima? Tulirekebishaje?
4. Katika miezi sita iliyopita tumebadilisha nini katika kazi ya ofisi, na ni nani hatukumwambia?